Jagwa Huyu Umempiga Picha Wapi?



Tarehe 7 Machi mwaka 1996, mfugaji wa ng'ombe wa Arizona, Marekani, aitwaye Warner Glenn, alikuwa amepanda baghala wake katika milima ya Peloncillo, karibu na mpaka wa Meksiko, akiwafuata mbwa wake wa kuwinda puma. Mbwa walinusa, wakakimbiza, kisha wakaanza kubweka kwa ile sauti inayomwambia mwindaji kwamba mnyama kabanwa. Glenn alipofika akamkuta paka mkubwa juu ya jabali, kichwa kizito, madoa mwili mzima. Hakuwa puma. Alikuwa jagwa. Mwindaji yule akatoa kamera. Akapiga picha, akasogea, akapiga tena, mpaka jagwa akamjia mbio na mbwa wakaingilia kati. Kisha mnyama akajiondokea, mzima.

Zile zilikuwa picha za kwanza za jagwa aliye hai na aliye huru kupigwa katika ardhi ya Marekani. Jike wa mwisho kujulikana katika nchi hiyo alikuwa amepigwa risasi huko huko Arizona mwaka 1963. Watu walikuwa wamekwisha kumzoea kama mnyama wa habari za mababu. Agosti ya mwaka uleule wa 1996 wawindaji wengine, katika milima ya Baboquivari, wakampiga picha jagwa wa pili. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikamwingiza jagwa wa ndani ya mipaka yake katika orodha ya wanyama wanaolindwa kisheria kwa kuwa wako hatarini kutoweka.

Siku ambayo Glenn alikuwa jabalini, bustani za wanyama za Marekani zilikuwa na jagwa wengi. Walikuwa wakipigwa picha kila siku, kwa mwanga mzuri, kwa kamera bora kuliko ile ya mfugaji. Hakuna hata moja kati ya picha hizo iliyoweza kumwambia mbunge au ofisa wa misitu neno lolote kuhusu milima ya Arizona. Mnyama ni yule yule na madoa ni yale yale. Kilichozipa picha za Glenn nguvu ni mahali.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, na nalisema mapema ili tusipotezane njiani: picha ya jagwa ni ushahidi wa mahali kabla ya kuwa pambo la ukutani. Mpiga picha akificha mahali, au akidanganya kuhusu mahali, ameharibu kazi yake hata kama kila unywele wa sharubu za mnyama unahesabika.

Kwanza tumjue mwenyewe. Huku kwetu jagwa hayupo. Tuliye naye ni chui, na picha za wawili hawa huchanganywa kila siku mitandaoni. Tazama madoa. Chui ana maua madogo madogo, na katikati ya ua hamna kitu. Jagwa ana maua makubwa, machache zaidi, na ndani ya mengi kuna kitone kimoja au viwili vyeusi. Tazama na umbo: jagwa ni mnene wa kifua, mfupi wa miguu, mpana wa taya, na mkia wake ni mfupi ukilinganishwa na wa chui. Chui wetu hupandisha mawindo mtini kwa sababu simba na fisi watamnyang'anya. Jagwa hana simba wala fisi wa kumsumbua, kwa hiyo huburuta nyama yake kichakani na kula kwa raha zake. Na taya zile si za urembo. Paka wakubwa wengi hukaba koo. Jagwa mara nyingi huuma fuvu lenyewe, akatoboa hadi kwenye ubongo. Gamba la kasa hulipasua.

Anaishi kuanzia kaskazini mwa Meksiko, na mara chache huvuka hadi Arizona, kisha Amerika ya Kati, msitu wote wa Amazon, mpaka kaskazini mwa Argentina. Katika sehemu kubwa ya eneo hilo unaweza kuishi miaka mingi jirani naye usimwone hata mara moja. Msitu ni mnene, yeye ni mkimya, na vizazi vingi vya kuwindwa kwa ajili ya ngozi vimewafundisha waliobaki kujificha. Ndiyo maana kwa muda mrefu picha nzuri za jagwa karibu zote zilitoka kizimbani.

Mahali palipobadilisha hesabu hiyo ni Pantanal, kinamasi kinachoenea magharibi mwa Brazil na kugusa Bolivia na Paraguay. Ukitoka mji mdogo wa Poconé unashika barabara ya Transpantaneira, kama kilomita 145 za vumbi na madaraja zaidi ya mia moja, mpaka barabara inapoishia ukingoni mwa mto Cuiabá, mahali paitwapo Porto Jofre. Mbele ya hapo ni boti tu. Mito inakutana, inaachana, inakutana tena, na eneo hilo lote limetengwa kuwa hifadhi ya jimbo inayoitwa Encontro das Águas.

Kwa nini jagwa aonekane pale na si kwingine? Kiangazi kikiingia, takribani kuanzia Juni hadi Oktoba, maji hushuka na kingo za mito zikabaki wazi. Kaimani, wale mamba wadogo wa Amerika ya Kusini, hulala mchangani kwa mamia. Kapibara, panya wakubwa kuliko wote duniani, hushinda ukingoni wakila majani. Chakula cha jagwa kiko mtoni, naye anakifuata mchana kweupe. Jagwa wa Pantanal ndio wakubwa kuliko jagwa wote. Dume huvuka kilo mia moja. Uwindaji ulipigwa marufuku Brazil mwaka 1967, na miaka ya sabini biashara ya kimataifa ya ngozi ikabanwa. Kisha wakaja watalii na boti zao, mwaka baada ya mwaka, na hakuna boti iliyofyatua risasi. Watoto wa jagwa wakakua wakimwona mama yao hashtuki. Leo jagwa wa Cuiabá hutazama boti, akapiga miayo, akaendelea na shughuli zake.

Kusini zaidi, katika shamba la mifugo la Caiman, mwendesha magari ya mashindano aliyestaafu, Mario Haberfeld, alianzisha mradi wa Onçafari mwaka 2011 kwa kulifuata jambo hilo hilo makusudi. Aliona jinsi waongozaji wa Afrika Kusini walivyowazoesha chui magari, bila kuwalisha na bila kuwagusa, akauchukua ujuzi huo akaupeleka kwa jagwa. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba bara letu lilikuwa mwalimu katika jambo hili.

Sasa ingia botini na wapiga picha. Dereva wa boti ndiye mwenye macho. Yeye husoma mstari wa ukingo kama mtu anayejua nyumba yake, na akiona kitu kisichokaa sawa hupunguza moto. Redio za boti huitana. Ukifika, injini inazimwa au inabaki kuguna taratibu dhidi ya mkondo. Boti inayumba, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu haifai kitu. Watu huegemeza lenzi kwenye mfuko wa maharage au kwenye goti, na kasi ya shata inapandishwa, sehemu ya elfu ya sekunde au kasi zaidi, la sivyo kila picha itakuwa na ukungu. Lenzi ndefu, ya milimita 400 au 600, hukuweka mbali na mnyama na bado ukapata jicho lake. Na jicho ndilo la kufokasi, siku zote, maana nyasi za mbele huivuta kamera isiyosimamiwa. Boti ina baraka moja ambayo gari la safari halina: iko chini. Unamwona jagwa kwa usawa wa macho yake, naye anaonekana kwa ukubwa wake halisi.

Halafu kuna kusubiri. Jagwa hutembea ukingoni nusu saa, akazama kichakani, akaibukia mita mia mbili mbele. Anayejua kazi hamfuati nyuma nyuma. Anakwenda mbele, anatulia mahali ambapo nyasi zinafunguka, anaacha mnyama amfikie kwa hiari yake. Jagwa akijitosa majini kumvamia kaimani, jambo zima linaweza kuisha kwa sekunde chache: mruko, povu, kisha kichwa kinachoibuka na kaimani mdomoni, ameumwa nyuma ya fuvu. Walio makini hupata picha mbili tatu. Wengine hubaki na picha za maji.

Lakini panapokuwa na jagwa mmoja na boti nyingi, mambo huharibika. Wasikilizaji wa Narok na Talek mnalijua hili vizuri. Masai Mara kuna kanuni ya magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja, na mnajua huvunjwa mara ngapi. Mtoni ni vivyo hivyo. Boti zikijipanga ukingoni, jagwa aliyetaka kuvuka mto hawezi kuvuka, na jike aliyekuwa anawinda anaondoka na njaa. Picha iliyopigwa namna hiyo ina kasoro ambayo haionekani kwenye fremu, na mimi naiona ni kasoro kubwa kuliko fokasi mbaya.

Hata hivyo sitaki kuwabeza watalii hawa, kwa sababu wamefanya jambo ambalo fedha za utafiti peke yake zisingeweza. Kila jagwa ana mpangilio wake wa madoa, haufanani na wa mwingine, kama alama za vidole. Abigail Martin alianzisha huko Porto Jofre mradi wa kuwatambua jagwa kwa picha, na picha nyingi anazozitumia zinatoka kwa wageni na waongozaji wao. Mtu aliyekuja kutafuta picha ya kutundika sebuleni anaondoka ameacha kumbukumbu: jike huyu alionekana kijito hiki, tarehe hii, akiwa na watoto wawili. Mkusanyiko huo ukirundikana kwa miaka unaanza kueleza nani mama wa nani, nani kahamia wapi, nani hajaonekana tena.

Na kuna fedha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba utalii wa kuwatazama jagwa katika eneo hilo huingiza karibu dola milioni 6.8 za Marekani kwa mwaka, ilhali hasara ya ng'ombe wanaoliwa na jagwa katika eneo hilo hilo ni kama dola 121,500. Tofauti ni kubwa mno. Shida ni kwamba anayepoteza ng'ombe si yule anayekodisha boti, na mpaka sehemu ya fedha ifike kwa mfugaji, jagwa atakuwa na adui mwenye sababu.

Mwaka 2020 moto ulipita Pantanal. Zaidi ya robo ya kinamasi chote iliungua, na hifadhi ya Encontro das Águas iliathirika zaidi ya hapo. Picha zilizotoka wakati ule sizitazami kwa urahisi: jagwa amelala majini, nyayo zimebabuka. Mmoja, dume aitwaye Ousado, alichukuliwa akapelekwa katika kituo kiitwacho NEX jimboni Goiás, akatibiwa nyayo zake, na Oktoba mwaka huo huo akarudishwa mtoni alikotoka akiwa na kola ya redio shingoni. Jike aitwaye Amanaci alitibiwa hapo hapo, ila kano zake zilikuwa zimeungua kupita kiasi; hakuweza kurudi porini. Jagwa wawili, moto mmoja. Leo ukimpiga picha Amanaci unampiga picha kifungoni, na sioni aibu yoyote katika hilo. Picha hiyo ikisema ukweli wake, inaeleza moto kuliko picha ya majivu.

Kwa hiyo twende kizimbani, maana wapo watu wanaodhani ninadharau picha za huko. Sidharau. Alan Rabinowitz alikuwa mtoto mwenye kigugumizi kikali, asiyeweza kuongea na watu, lakini mbele ya kizimba cha paka wakubwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, maneno yalimtoka. Aliahidi kwamba siku akipata sauti atawasemea wanyama. Miaka ya themanini alikwenda Belize kuwachunguza jagwa, na kazi yake ikasaidia kuzaliwa kwa hifadhi ya Cockscomb mwaka 1986. Alifariki mwaka 2018, akiwa mtu aliyejulikana duniani kwa kuwatetea. Mnyama aliyefungwa ndiye aliyemtuma kwa walio huru.

Belize huko huko kuna bustani ya wanyama iliyozaliwa na kamera. Mwaka 1983 watengenezaji wa filamu ya wanyamapori walikuwa wamekusanya wanyama waliozoea watu ili wawapige filamu kwa urahisi. Fedha zikaisha. Sharon Matola, aliyeajiriwa kuwatunza, akabaki na wanyama ambao wasingeweza tena kuishi porini. Akaweka vibao, akawafungulia watu wa Belize milango. Tangu hapo bustani hiyo imepokea jagwa waliokamatwa kwa kuua mifugo, ambao pengine wangepigwa risasi, na watoto wa shule wa nchi hiyo wamemwona jagwa kwa macho yao. Matola alifariki mwaka 2021. Msikilizaji, shika jambo hilo moja: wanyama wale walikuwa wamekusanywa ili wacheze sehemu ya wanyama wa porini.

Kumpiga picha jagwa kizimbani nako kuna ufundi. Wavu wa chuma unautoa kwenye picha kwa kuisogeza lenzi karibu nao kadiri walinzi wanavyoruhusu, ukaifungua lenzi kwa upana wake wote, na ukasubiri mnyama akae mbali kidogo na wavu wa upande wake. Waya unayeyuka. Kioo unakidhibiti kwa kitambaa cheusi kuzunguka lenzi, na wewe mwenyewe usivae nguo nyeupe. Jagwa mweusi, ambaye ni jagwa yule yule aliyerithi rangi nzito, ataidanganya kamera ikadhani kuna giza. Punguza mwanga, umngoje ageuke pembeni, na maua yatajitokeza juu ya weusi wake kama kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa nyuzi za rangi moja. Na usigonge kioo. Usipige mluzi. Usimrushie kitu ili akutazame. Mnyama hana pa kwenda. Hiyo peke yake inakupa wajibu wa adabu.

Kama una subira, piga pia kile ambacho wengi hukikwepa: njia iliyochimbika ardhini kwa kwenda na kurudi, meno yaliyovunjika kwa kutafuna vyuma, kivuli cha waya mgongoni. Hizo ni picha za jagwa pia, tena za kweli.

Uongo unaanzia hapa. Mpiga picha anauondoa waya, anakata fremu ili ukuta usionekane, halafu chini anaandika jina la msitu. Au halisemi jina la msitu, ananyamaza tu na kuacha mtazamaji ajidanganye. Marekani kuna mashamba ambayo hukodisha wanyama wakali kwa saa: unalipa, mnyama anatolewa, anapita mbele yako juu ya gogo lililopangwa, akimfuata mtu mwenye kipande cha nyama. Picha inatoka safi kabisa, na hiyo ndiyo hila yake, kwa sababu aliyelala matopeni wiki nzima ataleta picha yenye nyasi puani na atashindwa na gogo la kukodi.

Mashindano makubwa ya wapiga picha wa wanyamapori yanayoendeshwa London yalikwisha kupata kashfa hiyo. Mbwamwitu aliyeshinda mwaka 2009, akiruka lango la shamba, waamuzi waliona baadaye kwamba huenda kabisa alikuwa mnyama wa kufundishwa, na mpiga picha akanyang'anywa tuzo, ingawa alikana. Mwaka 2018 tuzo nyingine ilifutwa: picha ya usiku kutoka Hifadhi ya Emas, Brazil, ambamo mla sisimizi anakaribia kichuguu chenye mwanga. Wataalamu walilinganisha, wakaamua kwamba mla sisimizi yule alikuwa amejazwa pamba. Mpiga picha huyo naye alikana. Fikiria walioitazama Emas kupitia picha ile.

Chambo ni jamaa wa uongo huo. Kwa wenyeji wa Pantanal kuweka nyama ili jagwa aje huitwa ceva, na ni kosa kisheria. Aprili mwaka 2025 jagwa alimuua mtunzaji wa kituo cha uvuvi katika jimbo la Mato Grosso do Sul, na moja ya maswali ya wachunguzi lilikuwa kama mahali pale palikuwa pakilishwa wanyama. Jagwa akijifunza kwamba binadamu ni mlango wa nyama, anayekuja baadaye bila nyama ndiye anayelipa. Na sisi wa Afrika Mashariki tunalo shina la historia hii nyumbani. Carl Georg Schillings, Mjerumani, mwanzoni mwa karne ya 20 alikuja katika nchi ambayo leo ni Tanzania na mitambo mizito ya kamera na unga wa fleshi, akapiga picha za simba usiku kwa kumfunga punda au ng'ombe hai mbele ya kamera. Dunia ilistaajabu. Punda hakuulizwa.

Tangu wakati ule kamera ya kutegeshwa imekuwa chombo cha adabu kuliko mpiga picha mwenyewe. Inafungwa kwenye mti, urefu wa goti, na joto la mwili linalopita ndilo linaloiamsha. Kwa jagwa zinafungwa mbili zinazotazamana, kwa kuwa madoa ya ubavu wa kulia hayafanani na ya kushoto. Picha ya ubavu mmoja inaweza kukufanya umhesabu mnyama mmoja mara mbili. Hata marashi yamesaidia. Bustani ile ya Bronx ilijaribisha manukato mbalimbali kwa duma wake, ikaona moja la kiume la Calvin Klein, Obsession, linawashika kuliko mengine. Habari ikawafikia watafiti wa Guatemala, wakalipulizia mbele ya kamera zao msituni, na jagwa wakasimama, wakanusa, wakajisugua, wakakaa muda wa kutosha kupigwa picha kamili. Walio kizimbani waliwafungulia njia wenzao wa msituni.

Lakini njia hiyo hiyo ilimuua mmoja. Yule jagwa wa pili wa mwaka 1996, wa milima ya Baboquivari, baadaye alitokea tena na tena kwenye kamera za kutegeshwa. Wakamwita Macho B, na walimjua kwa doa moja la ubavuni. Februari mwaka 2009 alinaswa kwenye mtego wa kamba huko Arizona, akafungwa kola, akaachiwa. Siku chache baadaye alionekana hajiwezi, akachukuliwa, na tarehe 2 Machi akauawa kwa sindano kwa sababu figo zake zilikuwa zimeshindwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu na mtego palikuwa pamewekwa kinyesi cha jagwa jike kutoka bustani ya wanyama. Karibu miaka 13 tangu picha ya kwanza, na mwisho wake ukawa tamaa ya kumshika aliyekuwa tayari anajulikana.

Na yupo Juma. Jagwa huyu aliwekwa katika kambi ya mafunzo ya jeshi mjini Manaus, Brazil. Juni mwaka 2016, mwenge wa Olimpiki ulipopita pale, watu walipiga picha kando ya jagwa aliyefungwa minyororo. Baada ya sherehe, Juma aliwatoroka watunzaji wake ndani ya eneo hilo hilo. Wakampiga dawa ya usingizi, haikutosha, akamwendea askari, akapigwa risasi akafa. Waandalizi wa michezo waliomba radhi na kukiri kwamba ilikuwa kosa kuuonyesha mwenge wa amani kando ya mnyama wa porini aliyefungwa mnyororo. Nikiitazama picha ile, nyuso zinang'aa, mwenge unawaka, na mnyororo uko wazi kabisa, hakuna aliyejisumbua kuuficha.

Basi niseme vitu vichache kwa vijana wanaoniandikia kwamba wamenunua kamera. Chini ya kila picha ya paka mkubwa, awe jagwa au chui wetu, andika kama yuko huru au kifungoni. Andika nchi, hifadhi, tarehe. Kama kulikuwa na chambo, sema. Ubavu ulioupiga ni upi, wa kulia au wa kushoto, uandike. Kuna jambo moja tu la kuficha: kijito ambacho jike ana watoto. Huko Bolivia maofisa wamekamata mamia ya meno ya jagwa yaliyokuwa yakisafirishwa kwa posta kwenda China, na simu ya kisasa huandika mahali ndani ya picha bila wewe kuiambia. Futa nukta hiyo kabla hujaituma. Hifadhi itajwe, kijito kisitajwe.

Iko picha moja ninayoifikiria sana. Argentina, katika vinamasi vya Iberá, jagwa walikuwa wametoweka kwa karibu miaka sabini. Shirika la Rewilding Argentina likajenga vizimba vikubwa kisiwani, likaleta jagwa waliokuwa katika bustani mbalimbali, akiwemo Tania, jike aliyepoteza mguu akiwa mtoto. Mwaka 2018 Tania akazaa. Wanaotayarishwa kurudi porini hawaruhusiwi kuwaona wanadamu hata kwa mbali. Wanatazamwa kwa kamera tu, mchana na usiku. Januari mwaka 2021 lango lilifunguliwa kwa jike aitwaye Mariua, yatima kutoka Brazil aliyekulia kifungoni, akiwa na watoto wawili wa miezi minne, Karai na Porã. Kamera zikawaonyesha wakitoka.

Maelezo ya picha ile yanahitaji mstari mrefu kuliko kawaida, na waliokuwa makini waliuandika wote: mama alizaliwa porini Brazil, akaishi kifungoni, watoto walizaliwa kizimbani Iberá, wote watatu wako huru, Iberá, Januari 2021.